'Maendeleo' ya Video: Uhakiki wa Istilahi za Programu za Kuonyeshea Video katika Simu

1. Utangulizi

Simu ya mkononi imekwisha kuacha kuwa chombo cha kupelekea na kupokelea sauti tu. Katika nyumba nyingi leo simu hiyo ndiyo redio, ndiyo sinema, na mara nyingi ndiyo darasa. Mwanafunzi wa sekondari hutazama humo somo la hisabati, bwana shamba humwonyesha mkulima namna ya kupandikiza miche, na muuguzi hujikumbusha hatua za kazi yake. Wote hawa hutumia programu ya kuonyeshea video, na wapo miongoni mwao waliochagua maandishi ya programu hiyo yawe ya Kiswahili. Jambo hilo ni la kutia moyo. Tangu ilipotolewa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kutokana na kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya kompyuta imekosa mashiko.

Lakini kubeba ni jambo moja, na kubeba vizuri ni jambo jingine. Madhumuni ya makala haya ni kuzihakiki istilahi za Kiswahili zinazotumika katika programu hizo, hasa zile zinazohusu jambo moja tu, nalo ni kumwonyesha mtazamaji video imefika wapi, na kumwonyesha hivyo kwa mwendo usiogutuka. Tumelichagua jambo hili dogo kwa makusudi. Istilahi za mambo makubwa hujadiliwa katika semina na kupitishwa na kamati. Istilahi za mambo madogo huachiwa mfasiri mmoja aliyepewa orodha ya maneno bila picha, akatakiwa airudishe kesho asubuhi. Hata hivyo maneno hayo madogo ndiyo mwananchi anayoyasoma kila siku.

Hatutazitaja programu kwa majina yake. Kasoro tutakazozijadili si za kampuni moja wala za mfasiri mmoja. Zimeenea, na baadhi yake zimekwisha kuingia katika vitini vya walimu na miongozo ya ofisi.

2. Dhana kabla ya neno

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba istilahi huzaliwa na dhana, wala haizaliwi na neno la kigeni. Kwa hiyo hatuna budi kueleza kwanza kitu chenyewe kilivyo na kinavyofanya kazi, ndipo tuyapime maneno.

Chini ya picha ya video huonekana mstari mwembamba. Sehemu ya kushoto ya mstari huo hubadilika rangi kadiri video inavyokwenda, na penye mwisho wa rangi hiyo pana kiduara ambacho mtazamaji anaweza kukishika kwa kidole akakipeleka mbele au akakirudisha nyuma. Mara nyingi huwapo pia rangi ya tatu, iliyofifia, inayotangulia mbele ya kiduara. Hiyo huonyesha sehemu ya video ambayo imekwisha kupokelewa kutoka mtandaoni lakini haijatazamwa. Kando yake huandikwa tarakimu za aina mbili: muda uliokwisha kupita, na urefu wa video nzima.

Mtazamaji hudhani kwamba mstari huo umefungwa pamoja na picha, kama mshale wa saa ulivyofungwa na magurudumu yake. Sivyo. Sehemu ya programu inayofungua picha na sauti ni moja, na sehemu inayochora mstari ni nyingine. Ya pili haijui ya kwanza imefika wapi mpaka iulize au iarifiwe. Katika simu za Android, maktaba ya Media3, iliyorithi kazi ya ExoPlayer, hutoa taarifa pale hali inapobadilika, kama vile video inapoanza, inaposimama au inapokwisha. Lakini mahali video ilipofika, wakati ikiendelea, haipatangazi yenyewe. Sehemu ya kuchora sharti iulize, tena na tena. Katika simu za iPhone, AVPlayer inaweza kuagizwa itoe taarifa kila baada ya kipindi alichokitaja mwandishi wa programu. Katika kurasa za mtandao, kanuni za HTML huruhusu taarifa hiyo itolewe kwa vipindi vya kati ya milisekunde 15 na 250.

Hapo ndipo lilipo tatizo la mwendo. Tuseme mstari una upana wa pikseli 1,000, na video ni fupi, ya sekunde 30. Kila sekunde ya video hiyo ni pikseli 33 hivi za mstari. Programu ikiuliza mara moja tu kwa sekunde, kiduara kitaruka pikseli 33 kwa mkupuo, na jicho litaliona ruko hilo bila shida. Ikiuliza kila baada ya milisekunde 250, ruko litapungua mpaka pikseli 8 hivi. Kwa video ya saa nzima mambo ni kinyume: pikseli moja hubeba sekunde 3.6, na kuuliza mara 60 kwa sekunde ni kuila betri bure, kwani hapana jipya la kuchora. Tena, kifaa cha kawaida cha Android cha kuchorea mstari huo huja kikiwa na hatua 100 tu, mpaka mwandishi wa programu aamue vinginevyo. Asipoamua, kila hatua ya video ya saa nzima itakuwa sekunde 36, na kiduara kitaruka pikseli 10 kwa mara moja hata kama maswali yanaulizwa kila nukta.

Fundi hodari, kwa hiyo, huipa mstari hatua za kutosha, huuliza kwa vipindi vya wastani, kisha kati ya jibu moja na jingine hukadiria kwa saa ya simu mahali video ilipofika, akachora upya kadiri skrini inavyochorwa upya, yaani mara 60 kwa sekunde katika simu nyingi. Video inaposimama ikisubiri data, huacha kukadiria. La sivyo mstari utaendelea mbele huku picha imeganda, kisha utarudi nyuma ghafla jibu la kweli linapofika. Na mtazamaji anapokuwa amekishika kiduara kwa kidole, fundi huyo huyaweka kando majibu ya video mpaka kidole kiachie. Asipofanya hivyo, kiduara kitavutwa huku na huku kati ya mabwana wawili.

Msomaji ataona kwamba chini ya mstari mmoja mwembamba zimo dhana nyingi, na kila moja yataka jina lake: kitendo cha kuonyesha video, urefu wake, mahali ilipofika, mwendo wake, sehemu iliyopokelewa mapema, kitendo cha kukihamisha kiduara, kuuliza kwa vipindi, kukadiria katikati ya majibu, na ubora wa mwendo wenyewe. Sasa tuangalie Kiswahili kinachotumika kimezitendea nini dhana hizi.

3. Istilahi zinazotumika na kasoro zake

3.1 Maendeleo

Neno hili ndilo linaloongoza kwa kutumika na ndilo linaloongoza kwa kupotosha. Mstari tulioueleza huitwa 'upau wa maendeleo', na pengine 'pau ya maendeleo'. Tuanze na jambo jepesi la sarufi. Pau ni miti myembamba inayolazwa juu ya kombamoyo ili kushikilia makuti, na mmoja wake huitwa upau. Umoja ni upau, wingi ni pau, kama ilivyo kwa ukuta na kuta. 'Pau ya' ni kosa la upatanisho. Neno lenyewe, hata hivyo, ni zuri: limetoka katika ujenzi wetu, ni fupi, nalo limekwisha kuzoeleka katika kompyuta. Hatuna ugomvi nalo.

Ugomvi wetu ni na 'maendeleo'. Ni kweli kwamba neno hili limetokana na kitenzi kuendelea, ambacho maana yake ya asili ni kwenda mbele bila kukoma. Lakini nomino haikubaki pale kilipobaki kitenzi. Kwa miongo mingi ya matumizi katika siasa, elimu na utawala, maendeleo yamekuwa ni ustawi: mpango wa maendeleo, benki ya maendeleo, maendeleo ya jamii, taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi. Kitu chenye maendeleo ni kitu kinachokuwa bora kuliko kilivyokuwa. Video iliyofika katikati haijawa bora kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Imefika katikati tu. Hakuna Mswahili anayeingia chumbani akakuta wenzake wanatazama filamu, akauliza, 'Filamu ina maendeleo gani?' Huuliza, 'Imefika wapi?'

Madhara yake huonekana wazi katika programu za masomo. Humo dhana mbili hukutana katika skrini moja: kiasi cha video kilichokwisha kutazamwa, na kiasi cha maarifa ambayo mwanafunzi ameonyesha kuyapata katika mazoezi. Zote mbili zikiitwa maendeleo, mwanafunzi anayeona 'Maendeleo 40%' hawezi kujua kama amepata alama 40 au kama zimebaki dakika kadhaa za somo. Mzazi hawezi kujua. Mwalimu anayekusanya takwimu za darasa anaweza kuandika, kwa nia njema kabisa, kwamba mwanafunzi aliyeiacha video ikijiendea mpaka mwisho amefaulu somo kwa asilimia 100.

Tuwafikirie pia ndugu zetu wasioona. Wao huitumia simu kwa msaada wa programu inayowasomea kwa sauti majina ya vitu vilivyo katika skrini. Mwenye macho akikuta neno baya, huliokoa kwa kuutazama mstari wenyewe. Asiyeona hana mstari. Ana neno tu. Kwake yeye istilahi si pambo la kitu, ndiyo kitu chenyewe. Akisomewa 'maendeleo, asilimia arobaini', ameachwa gizani mara mbili.

Kiswahili kina neno lililo tayari, nalo ni mwendo. Mwendo ni kwenda, basi. Hakuna ahadi ya ustawi ndani yake. Husemwa mwendo wa jahazi, mwendo wa gari, mwendo wa saa. 'Upau wa mwendo' ni fupi, ni wazi, na halina sehemu linapogongana na alama za mtihani.

3.2 Cheza

Neno 'cheza' limeandikwa juu ya kitufe cha kuanzishia video karibu kila mahali, na programu yenyewe huitwa 'kicheza video'. Asili ya jambo hili si fumbo. Katika lugha ya Kiingereza neno moja hutumika kwa mchezo wa watoto, kwa kupiga ala ya muziki na kwa kuweka santuri ilie. Katika Kiswahili kazi hizo zimegawanywa. Mtoto hucheza, mwanamuziki hupiga kinanda, santuri na kanda zilipigwa au ziliwekwa, sinema ilionyeshwa. Mfasiri aliyechukua 'cheza' alizifuta kwa mkato mmoja tofauti ambazo lugha yake ilikuwa imezichora kwa uangalifu.

Zaidi ya hapo, kitu kisicho na uhai kinapocheza katika Kiswahili, aghalabu kina hitilafu. Jino linalocheza li karibu kung'oka. Usukani unaocheza wahitaji fundi. Gurudumu linalocheza lisiposhughulikiwa litaleta ajali. Kwa hiyo sentensi 'video inacheza' ina maana mbili zinazopingana katika jambo hili hili tunalolijadili: ya kwanza kwamba video inaonyeshwa kama ipasavyo, ya pili kwamba picha inatikisika. Fundi atakayeletewa simu kwa maneno hayo atauliza swali la pili kabla ya kuanza kazi.

Hata hivyo lugha ni mali ya wasemaji wake, na si kazi ya mwanaistilahi kuwanyang'anya watu neno walilokwisha kulizoea. Amri 'cheza' juu ya kitufe imekubalika; pale pana alama ya pembetatu inayoondoa utata, na kuibadilisha sasa kutazua fujo kubwa kuliko faida. Tunachokataa ni kuliacha neno hili lizae ukoo mzima. 'Uchezaji wa video', 'mafanikio ya uchezaji' na 'hitilafu ya mchezo' ni matunda tunayoyakuta, na yote yanamrudisha msomaji uwanjani kwenye mpira. Katika maelezo, vitabu na miongozo, kitenzi kionyesha, yaani onyesha, kitatufaa zaidi: uonyeshaji wa video, kionyeshi, programu ya kuonyeshea. Walimu wa sarufi watatukumbusha kwamba kionyeshi ni jina linalotumika pia kwa maneno kama huyu na yule. Hatuoni hatari, somo la sarufi na kioo cha simu havikutani mara nyingi hata vikagombea neno.

3.3 Tafuta

Kitendo cha kukihamisha kiduara kutoka mahali pamoja mpaka pengine kimeitwa 'kutafuta', na mstari wenyewe, pale mtazamaji anapoweza kuugusa, ukaitwa 'upau wa kutafutia'. Hapa mfasiri alikuta neno la kigeni ambalo katika kamusi ya kawaida lina maana ya kutafuta, akalifasiri kwa uaminifu. Lakini kwa mafundi wa kompyuta neno hilo lina maana ya kwenda moja kwa moja mpaka mahali palipotajwa, na mahali hapo panajulikana. Anayetafuta hajui kitu kilipo. Anayekihamisha kiduara amekwisha kujua anakotaka kwenda, au walau ameamua.

Katika skrini hiyo hiyo kuna kisanduku cha kuandikia jina la video, nacho kinaitwa 'Tafuta', tena kwa haki. Matokeo yake ni kwamba vitufe viwili vyenye kazi tofauti kabisa vina jina moja. Tungependekeza sogeza: sogeza mbele, sogeza nyuma, upau wa kusogezea. Neno hili hutaja kitendo cha mkono na tokeo lake kwa pamoja, na halihitaji kufundishwa.

3.4 Akibisha

Uhakiki wa haki hauna budi kusifu panapostahili sifa. Kutoka katika nomino akiba limeundwa kitenzi kuakibisha, kwa maana ya kuweka data karibu ili itumike baadaye. Uundaji huu umefuata njia za lugha yenyewe. Neno ni jepesi kutamka, linanyambulika, na kila Mswahili anayejua kwamba akiba haiozi amekwisha kuielewa nusu ya dhana kabla hajafafanuliwa.

Tatizo si neno, bali mahali lilipowekwa. Video inapokatika kwa sababu data haijafika, skrini huandika 'Inaakibisha'. Mtazamaji aliyenunua kifurushi kidogo cha data anasoma kwamba simu yake inaweka kitu akiba, anahofia kwamba video nzima inahifadhiwa katika simu na kumaliza kifurushi chake, anafunga programu. Hapa dhana mbili zimevikwa kanzu moja. Ya kwanza ni kuhifadhi nakala ya kitu ili kisiagizwe tena. Hiyo ndiyo kuakibisha. Ya pili ni kupokea kiasi kidogo mbele ya kile kinachoonyeshwa, ili uonyeshaji usikatike. Kiasi hicho hutumika na kutupwa. Hii ya pili tunaiita akiba ya mbele, na ndiyo ile rangi iliyofifia inayotangulia kiduara. Skrini ikiandika 'Inajaza akiba ya mbele', au hata 'Inasubiri data', mtazamaji atajua kinachotendeka na hatakimbia.

3.5 Laini

Ubora wa mwendo, yaani kiduara kuteleza bila kurukaruka, umefasiriwa mara nyingi kwa 'laini': 'uchezaji laini', 'mwendo laini'. Kitambaa huwa laini, ngozi huwa laini, chakula cha mgonjwa hulainishwa. Mwendo si kitu cha kushikwa. Na zaidi, katika lugha ya simu neno laini limekwisha kuchukuliwa na kadi inayobeba namba ya mteja. 'Uchezaji wa laini' na 'uchezaji laini' vinatenganishwa na herufi mbili tu, na mmoja wake unaweza kudhaniwa kuwa ni utapeli.

Tumeyapima maneno mengine. Shwari linavutia kwa utulivu wake, lakini mabaharia watatucheka, kwani bahari ikiwa shwari tanga hulala na jahazi haliendi. Mtiririko lingefaa sana, kwa kuwa maji yatiririkayo hayarukiruki. Bahati mbaya kutiririsha limekwisha kupewa kazi ya kupeleka video kwa njia ya mtandao bila kuihifadhi, na kulipa kazi ya pili ni kulidhulumu. Tunabaki na mfululizo, neno ambalo tangu zamani hutaja jambo lisilo na mapengo: mvua ya siku tatu mfululizo. Mwendo mfululizo ni mwendo usiokatika wala kugutuka.

Kwa upande wa kasoro, Kiswahili ni tajiri kuliko wafasiri wanavyokiruhusu kuwa. Takriming zote za kurudufu vitenzi ziko mikononi mwetu, lakini kila hitilafu imeitwa 'kukwama'. Tunashauri kutenganisha. Picha ikisimama kabisa, imeganda. Picha ikienda na kusimama, kwenda na kusimama, inasitasita. Kiduara kikitoka hapa na kutokea pale huku picha na sauti vikienda vizuri, kiduara kinarukaruka. Tofauti hizi si za wapenda maneno. Kuganda na kusitasita aghalabu hutokana na mtandao au uwezo wa simu. Kurukaruka kwa kiduara ni kazi ya mwandishi wa programu aliyeuliza kwa vipindi virefu au aliyeacha hatua 100. Mwananchi akiandika malalamiko kwa neno moja la 'kukwama', atajibiwa kwamba mtandao wake ni dhaifu, atanunua data zaidi, na kiduara kitaendelea kurukaruka.

3.6 Ufuatiliaji

Kazi ya programu ya kujua kila mara video imefika wapi imeitwa 'ufuatiliaji'. Neno ni sahihi kwa mizizi yake, lakini katika simu za leo ufuatiliaji ndio jina la kitendo cha programu kumchunguza mtumiaji: anakwenda wapi, anasoma nini, ananunua nini. Mtu akiulizwa kama anaruhusu 'ufuatiliaji wa maendeleo ya uchezaji', atakataa, na hatuwezi kumlaumu. Ufuatiliaji libaki kwa anayemfuata mtu. Kwa video, upimaji wa mwendo latosha. Ndani ya upimaji huo tunatofautisha njia mbili, kuuliza kwa vipindi na kuarifiwa. Na kile kinachofanyika kati ya jibu na jibu tukiite makadirio ya kati.

4. Mapendekezo

Utaratibu wa kutafuta istilahi unaojulikana ni kuanza na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Njia hiyo ndiyo iliyotupa maneno kama bunge, ikulu na kitivo. Katika orodha hii tumeona kwamba hatukuhitaji kwenda mbali.

Kionyeshi: sehemu ya programu inayofungua picha na sauti na kuziwasilisha kwa mtazamaji.
Uonyeshaji: kazi ya kionyeshi. Amri ya kitufe inaweza kubaki 'cheza'.
Urefu: muda wa video nzima.
Mwendo: kwenda kwa video kutoka mwanzo mpaka mwisho.
Nukta ya mwendo: mahali video ilipofika kwa wakati fulani. Nukta ni alama katika mstari, na wengi wa pwani huitumia pia kwa kipande kidogo cha muda. Maana zote mbili zakutana hapa.
Nukta ya kidole: mahali mtazamaji alipokisogeza kiduara kabla hajakiachia.
Upau wa mwendo, wingi pau za mwendo: mstari unaoonyesha nukta ya mwendo. Ukiweza kuguswa huitwa upau wa kusogezea.
Akiba ya mbele: sehemu ya video iliyopokelewa lakini haijaonyeshwa.
Kusogeza: kuhamisha nukta mbele au nyuma.
Upimaji wa mwendo: kazi ya kujua nukta ya mwendo kila inapohitajika, ama kwa kuuliza kwa vipindi, ama kwa kuarifiwa.
Makadirio ya kati: nukta zinazokisiwa kwa saa ya simu kati ya jibu moja na jingine.
Mwendo mfululizo: mwendo usiogutuka. Kinyume chake, kwa picha ni kusitasita, kwa kiduara ni kurukaruka.

Maneno milisekunde, pikseli, skrini, data na video yametoholewa na yamekubalika. Hatuoni sababu ya kuyasumbua.

Wapo watakaosema kwamba watumiaji wamekwisha kuzoea 'maendeleo', na kwamba kubadilisha ni kuwachosha. Hoja hiyo tumeiheshimu pale tulipoliacha 'cheza' juu ya kitufe chake. Lakini mazoea hayana uzito mmoja kila mahali. Neno lililozoeleka na halidhuru laweza kuachwa. Neno linalomfanya mwanafunzi ashindwe kutenganisha muda wa somo na alama za mtihani halifai kuachwa hata kama limezoeleka kwa miaka 100. Wapo pia watakaosema kwamba 'upimaji wa mwendo' na 'makadirio ya kati' ni maneno ya mafundi, na mafundi husoma Kiingereza. Wasome. Lakini vijana wanaojifunza kuandika programu huzungumza wao kwa wao kwa Kiswahili, na anayelazimika kuazima kila nomino ya kazi yake huishia kueleza dhana kwa ishara za mikono.

5. Hitimisho

Katika kuchunguza mstari mmoja tumekuta makosa ya aina tatu. La kwanza ni kufasiri neno badala ya dhana, kama ilivyotokea kwa 'tafuta' na 'laini'. La pili ni kulitwika neno moja dhana mbili, kama ilivyotokea kwa 'maendeleo' na 'akibisha'. La tatu ni kusahau kile ambacho lugha ilikwisha kukisema kabla ya chombo kipya kufika, kama ilivyotokea kwa sinema iliyoonyeshwa na sasa 'inacheza'.

Wafasiri tunawaomba jambo moja la kiutendaji: msikubali kupokea orodha ya maneno bila kuonyeshwa skrini ambamo kila neno litakaa, wala msiirudishe kabla ya kuisikiliza ikisomwa kwa sauti kama atakavyoisikia asiyeona. Walimu wanaoandaa masomo ya video tunawaomba watenganishe katika vitini vyao mwendo wa video na maendeleo ya mwanafunzi, kuanzia muhula huu, bila kungoja programu zirekebishwe. Watumishi wa serikali wanaoagiza programu kwa ajili ya shule, zahanati na ofisi za wilaya wanaweza kufanya zaidi ya wote, kwani wao ndio wanaoandika masharti ya ununuzi. Sharti la kuwa maandishi ya Kiswahili yakaguliwe kabla ya malipo halina gharama kubwa, na lina nguvu kuliko makala kumi kama haya.

Mapendekezo yetu si sheria, nayo yanangoja kupimwa na wale wanaoyatumia maneno kazini. Wasomaji wenye istilahi bora zaidi, hasa kutoka katika lahaja na lugha zetu za Kibantu ambazo hatukuzichunguza hapa, tunawaalika watuandikie wakitaja neno, mahali linaposemwa, na sentensi moja linamotumika.